UZI: Nahau za Kiingereza na zilikotoka kweli, mbali na zile hadithi za WhatsApp

Mleta uzi

Heshima kwenu wakuu.

Nafundisha Kiingereza kidato cha tatu na cha nne hapa Tanga, huu ni mwaka wa kumi na moja, na jioni natafsiri nyaraka za watu. Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu. Kilichonisukuma ni ujumbe ulioingia juzi kwenye kundi letu la walimu, ule mrefu wa "maisha ya Ulaya miaka ya 1500" unaodai kueleza nahau za Kiingereza zilikotoka. Wengi wenu mtakuwa mmeshaupokea. Unasema nyumba za Waingereza zilikuwa za nyasi, paka na mbwa walilala juu ya paa kutafuta joto, mvua ikinyesha paa linateleza na wanyama wanaporomoka, ndipo watu wakaanza kusema "it's raining cats and dogs".

Hadithi hiyo nimewahi kuifundisha. Miaka miwili mfululizo niliiandika ubaoni, mpaka binti mmoja wa kijiji cha upande wa Pangani aliponyoosha mkono: "Mwalimu, nyumba yetu ni ya makuti. Mvua ikianza paka anaingia ndani, hakai juu. Halafu mbwa alipandaje?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitatafuta, na nikatafuta kweli, kwa sababu swali lake lilikuwa zuri kuliko somo langu.

Nilichokuta ni hiki. Ujumbe ule ulianza kuzunguka kwa barua pepe mwaka 1999. Nahau yenyewe ni ya zamani zaidi. Tamthilia moja ya Richard Brome iliyochapwa 1653 inataja mvua ya mbwa na vicheche. Mwaka 1738 Jonathan Swift alitoa kitabu cha mazungumzo kilichokusanya misemo iliyochakaa ya watu wa mjini, na humo ndani "rain cats and dogs" ipo tayari, ikitamkwa kama kitu ambacho kila mtu amekichoka kukisikia. Katika maandiko hayo hakuna mnyama anayeteleza kutoka paani. Mbwa na paka wananyesha, basi, kama picha ya mvua iliyopita kiasi.

Tangu siku hiyo nina swali moja ambalo nalitanguliza: nahau hii iliandikwa wapi mara ya kwanza, na mwaka gani? Hadithi ikishindwa kusimama mbele ya tarehe, naiacha hata iwe tamu vipi.

Mfano wa pili umo katika ujumbe uleule. "Saved by the bell" wanasema ni maiti waliozikwa wakiwa hai, wakafungiwa kamba mkononi iliyounganishwa na kengele juu ya kaburi. Majeneza yenye kengele yalibuniwa kweli karne ya 19, hofu ya kuzikwa hai ilikuwepo. Lakini nahau inatoka ulingoni. Kanuni za ndondi zilizotolewa 1867 kwa jina la Marquess wa Queensberry ziligawa pambano kwa raundi za dakika tatu, na aliyeangushwa akapewa sekunde kumi za kuinuka. Bondia amelala chini, mwamuzi anahesabu, kengele ya mwisho wa raundi inalia kabla ya kumi: ameponea hapo. Ukifuatilia ndondi huhitaji mtu kukueleza.

Nitaendelea kidogo kidogo. Ulizeni, nitajibu yale ninayoyajua kwa uhakika.

Kisimani

Mwalimu, tiririka. Nakuuliza "spill the beans". Mimi niliambiwa ni Wagiriki wa kale, walikuwa wanapiga kura kwa maharage, mtungi ukimwagika kabla ya wakati basi siri imetoka.

Mleta uzi

Mkuu Kisimani, Wagiriki maharage waliyatumia kweli. Athene viongozi wengi walipatikana kwa kura ya bahati, na maharage yalikuwa sehemu ya utaratibu huo. Tatizo ni tarehe. Nahau yenyewe inajitokeza Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, kwenye magazeti. Mgiriki wa kale na mwandishi wa habari wa Marekani wanatenganishwa na zaidi ya miaka 2,000 ambayo hakuna Mwingereza hata mmoja aliyeandika kwamba maharage yamemwagika. Tena matumizi yale ya mwanzo yalikuwa na maana ya kuharibu mpango wa watu, halafu ndiyo ikageuka kuwa kutoa siri.

Kwetu sisi picha hiyo haihitaji Wagiriki. Penye kuku wengi usimwage mtama. Na vijana wa siku hizi wanasema "mwaga ubuyu". Mtama, maharage, ubuyu: vitu vidogovidogo, vikishamwagika huvikusanyi vyote. Mwanafunzi wangu nikimwambia "spill the beans" ni kumwaga ubuyu, sihitaji sentensi ya pili.

Hapo niseme jambo ambalo nalipigania kila muhula. Nahau haitafsiriwi kwa maneno, inatafutiwa ndugu yake. Na mara nyingi ndugu yupo, tena anafanana mpaka unashangaa. Chukua "buy a pig in a poke". Nimeshaona imetafsiriwa "kununua nguruwe katika kuchoma", kwa sababu mtafsiri aliona "poke" akadhani ni kitendo. "Poke" ni neno la zamani la Kiingereza lenye maana ya mfuko au gunia dogo. "Pocket" ni mtoto wake, yaani kijifuko. Mtu yuko sokoni, anauziwa nguruwe aliyefungwa ndani ya gunia, analipa bila kufungua. Sasa niambie, hiyo siyo kuuziwa mbuzi kwenye gunia? Ni yenyewe! Mfaransa anasema kununua paka mfukoni, Mjerumani naye anasema paka kwenye gunia. Mwingereza nguruwe, sisi mbuzi. Kila soko na mnyama wake, mnunuzi ni yuleyule.

Watu huunganisha hiyo na "let the cat out of the bag": muuzaji mwongo katia paka badala ya nguruwe, gunia likifunguliwa paka anachomoka na siri imefichuka. Inapendeza, na Mjerumani na Mfaransa wanaipa nguvu kidogo. Ila mimi naisita. Nguruwe wa gunia yupo kwenye maandishi tangu karne ya 16, paka wa kufunguliwa anaonekana 1760. Halafu nani asiyejua mlio wa paka?

Binti Msambaa

Shikamoo mwalimu. Naomba za baharini. Nimeona orodha inasema nusu ya nahau za Kiingereza zimetoka kwa mabaharia.

Mleta uzi

Marahaba binti. Nusu si kweli, lakini zilizotoka huko ni nyingi, na hizo ndizo nazipenda kupita zote kwa sababu sisi wa pwani tunazielewa upesi kuliko Mwingereza wa leo. Marehemu baba alikuwa baharia wa majahazi, Tanga, Pemba, Mombasa, na maneno haya nimekua nayo masikioni.

Anza na "three sheets to the wind", yaani mtu amelewa chakari. Mwanafunzi anaona "sheet" anadhani ni shuka, au akijitahidi anadhani ni tanga. Siyo. Kwa mabaharia wa Kiingereza "sheet" ni kamba, ile inayoshika pembe ya chini ya tanga na kulizuia lisipeperuke. Kwa Kiswahili inaitwa demani. Demani ikikuponyoka tanga linapigapiga hovyo, upepo unalichezea, na chombo hakijui kinakokwenda. Sasa zikuponyoke tatu kwa pamoja. Chombo kinayumba kama mlevi anavyotoka kilabuni, anakwenda hatua mbili kushoto, moja kulia. Nahau ilishakuwepo mwanzoni mwa karne ya 19 na mara nyingi iliandikwa "in the wind". Nikiieleza kwa demani, watoto wa Pangani wanacheka kwa sababu wameshaiona.

"By and large" ndiyo inayonigusa zaidi. Leo ina maana ya "kwa ujumla", na kwenye ripoti watu wanaitumia bila kuona bahari yoyote. Lakini "by" hapo ni kwenda "by the wind", kuubana upepo unaokuja karibu na mbele, jambo ambalo sisi tunaliita kwenda joshi. "Large" ni upepo kutoka upande wa tezi, unaosukuma, nahodha anapumzika. Chombo kinachokwenda vizuri "by and large" ni chombo kinachofaa kwa upepo wa mbele na wa nyuma, yaani kwa hali zote. Mwaka 1669 Samuel Sturmy aliyaandika maneno hayo katika kitabu chake cha mambo ya ubaharia, akiwa na maana ya upepo hasa. Maana ya "kwa ujumla" ilifuata.

"Taken aback" pia: upepo unabadilika ghafla, unalipiga tanga kutoka mbele na kulibandika kwenye mlingoti, chombo kinasimama palepale. Ndiyo mtu aliyepigwa na butwaa.

Mwanalamu

Mwalimu, umenikumbusha mbali. Nami ni mtu wa Lamu. Hiyo "by and large" mbona tunayo? "Hata ukenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Tezi nyuma, omo mbele, yaani popote chomboni utakapozunguka. Na ngama ni kule chini kabisa, maji yanapokusanyika ya kukumbwa. Mtu asiyejua chombo huisema methali hii maisha yake yote asijue kwamba anatajiwa sehemu tatu za jahazi.

Na "mambo yamekwenda mrama" je? Watu wa bara wanaisema kila siku, hata bungeni. Mrama ni ule mwendo wa chombo kulala ubavu huu na ubavu huu kwa mawimbi. Abiria wote wanatapika. Hiyo ni nahau ya baharini iliyopanda mabasi ikaenda hadi Kisumu.

Mleta uzi

Mwanalamu, ahsante sana kaka yangu. Tezi na omo sikuwa nimeiweka sambamba na "by and large", kesho naipeleka darasani. Na mrama nitaitumia kuwaonyesha kwamba nasi tuna nahau ambazo tumesahau bahari yake, kama Mwingereza alivyoisahau ya kwake.

Dereva wa Usiku

Wakuu mimi naomba hii: "take it with a pinch of salt". Bosi wangu aliniambia hivyo kuhusu habari fulani, nikajua anasema habari ile imetiwa chumvi. Kumbe sivyo?

Mleta uzi

Mkuu Dereva, umegusa penyewe, na wengi wanateleza hapo. Kwetu kutia chumvi ni kuongeza uongo kwenye habari. Anayetia ni msimulizi. Kwa Mwingereza chumvi anaitia msikilizaji, na ni ya kujikinga: pokea habari hiyo, lakini kwa shaka. Kitu kilekile, mkono tofauti. Bosi wako alikwambia usiamini yote, nawe ulielewa kwamba imeongezwa, kwa hiyo mmefika karibu kwa njia mbili zinazopishana.

Asili yake huelezwa kwa kisa cha kimaandishi. Pliny wa Roma, aliyekufa mwaka 79 baada ya Kristo, aliandika kwamba jemadari Pompey alipomshinda Mithridates, mfalme wa Ponto katika Uturuki ya leo, alikuta kwenye nyaraka za siri za mfalme mapishi ya dawa ya kinga dhidi ya sumu: kokwa 2 kavu, tini 2, majani 20 ya mmea mchungu ambao Waingereza wanauita "rue", vyote vitwangwe pamoja, na punje ya chumvi iongezwe. Ukila asubuhi kabla ya chakula, sumu haikudhuru siku hiyo. Waingereza waliosoma Kilatini wakaanza kutumia "punje ya chumvi" kwa habari za kutiliwa shaka katika karne ya 17. Ndiyo maana nasema ni chumvi ya kujikinga.

Kumbuka pia kwamba tukisema mzee amekula chumvi nyingi, hatumwiti mwongo, tunamheshimu kwa umri. Chumvi hii ina kazi nyingi.

Dereva wa Usiku

Nimeelewa mkuu, ahsante. Na kazini wanatuambia "fikirini nje ya boksi". Boksi gani?

Mleta uzi

Swali zuri sana, maana hiyo imeshaingia kwenye Kiswahili nzimanzima na hakuna anayejua boksi lenyewe. Chukua karatasi. Chora nukta 9, mistari mitatu ya nukta tatu tatu, zikae kama mraba. Sasa ziunganishe zote kwa mistari 4 iliyonyooka bila kuinua kalamu. Jaribu kabla hujaendelea kusoma.

Wengi wanashindwa kwa sababu wanajifungia ndani ya mraba ambao hakuna aliyewachorea. Ukiruhusu kalamu ivuke nukta za pembeni, igeukie nje kisha irudi, inawezekana. Fumbo hili limo katika mkusanyiko mkubwa wa mafumbo wa Sam Loyd wa Marekani uliochapwa 1914. Miaka ya 1970 washauri wa biashara wakalipenda kwenye semina zao, na kutoka hapo "nje ya boksi" ikaenea. Kwa hiyo boksi ni mraba wa nukta tisa. Mimi darasani sikatazi "nje ya boksi", imeshaota mizizi. Ninachokataza ni "mwisho wa siku" kila baada ya sentensi. Mtu anaeleza mkutano wa asubuhi, "mwisho wa siku tukaenda kunywa chai". Hiyo ni "at the end of the day" imevaa kanzu. Kiswahili kina hatimaye, kina hatima yake, kina yote tisa, kumi ni hili. Zipo.

Wakili wa Shamba

Mwalimu, nakufuatilia tangu asubuhi. Nina mbili za kisheria. Kwenye semina moja ya haki za wanawake tulifundishwa kwamba tusiseme "rule of thumb", kwa sababu ni sheria ya Uingereza iliyomruhusu mume kumpiga mkewe kwa fimbo isiyozidi unene wa dole gumba. Ni kweli? Ya pili ni "read the riot act".

Mleta uzi

Dada Wakili, hizi nimezisoma kwa makini kwa sababu ya kwanza inagusa jambo zito.

"Rule of thumb" imeandikwa tayari 1685, katika mahubiri ya James Durham wa Scotland, anayesema juu ya wajenzi wapumbavu wanaojenga kwa kukisia na kwa dole gumba. Maana yake ni kipimo cha mkono badala ya kipimo rasmi. Bibi zetu wanapima nguo kwa dhiraa, fundi anapima kwa shibiri na wanda, mvuvi anapima kina kwa pima. Mwingereza alipima kwa dole gumba.

Habari ya fimbo ina historia yake pembeni. Mwaka 1782 zilivuma habari kwamba Jaji Francis Buller amesema mume anaweza kumpiga mkewe kwa fimbo isiyozidi dole gumba. Hakuna hukumu yake yenye maneno hayo iliyowahi kupatikana, lakini mchoraji vibonzo James Gillray alimchora akiuza fimbo, na jina la Jaji Dole Gumba likamganda. Kisha karne ya 19 mahakama chache za Marekani zilitaja kweli kipimo hicho cha dole gumba katika kesi za waume waliopiga wake zao. Ukatili huo ulikuwepo na uliandikwa. Ila nahau haikuzaliwa humo; ilikuwa na umri wa takriban miaka 100 kabla ya Buller, na uhusiano wa hivyo viwili ulianza kutajwa sana miaka ya 1970. Kwa hiyo kwenye semina semeni juu ya zile kesi, ni za kweli na zinauma. Nahau muiache ipime mbao.

"Read the riot act" nayo ni sheria halisi, haikuwa tamathali kabisa. Bunge la Uingereza liliipitisha, ikaanza kutumika Agosti 1715. Watu 12 au zaidi wakikusanyika kwa fujo, ofisa alitakiwa kusimama mbele yao na kuwasomea tangazo kwa sauti, kwa jina la mfalme. Baada ya hapo walikuwa na saa moja ya kutawanyika. Atakayebaki adhabu yake ilikuwa kifo. Maneno yalitakiwa yasomwe yote: kuna kesi ya 1830 ambapo hukumu ilianguka kwa sababu msomaji aliruka "God save the King" ya mwisho. Leo mzazi akimkaripia mtoto aliyechelewa kurudi wanasema amemsomea hiyo sheria.

Wakili wa Shamba

Na mimi niongeze, mwalimu. Ile 12 bado tunayo. Kanuni ya Adhabu yetu, na ya Kenya pia, zimerithi kwa mkoloni kifungu cha watu kumi na wawili au zaidi waliokusanyika kwa fujo, ofisa akawatangazia watawanyike. Polisi wanaposema "ilani, ilani" kwenye kipaza sauti kabla ya mabomu ya machozi, mzizi ni huo.

Mleta uzi

Ahsante dada. Hiyo ya "ilani" naiandika pembeni.

Mgeni wa Kentucky

Ndugu zangu habari za huko. Mimi nipo Louisville, Marekani, nafanya kazi ghalani. Wenzangu wakiona msimamizi amewageuka wanasema "he sold us down the river". Mto upo hapa, Ohio, nauona kila siku nikienda kazini. Ni huo?

Mleta uzi

Kaka, ni huo hasa. Na uko mahali penyewe.

Tarehe 1 Januari 1808 Marekani ilipiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje. Biashara ya ndani haikuguswa, ikapanda bei. Mashamba ya pamba yalikuwa yanafunguliwa kusini kabisa, Mississippi na Louisiana, yakitaka watu. Majimbo ya juu kama Virginia na Kentucky yalikuwa na watumwa ambao mabwana zao waliona faida kuwauza. Louisville palikuwa soko kubwa la biashara hiyo. Mtu alitenganishwa na mkewe, au mama na watoto, akafungwa pingu, akapandishwa chomboni, akashushwa mto Ohio hadi Mississippi, mpaka Natchez au New Orleans. Waliopitia biashara hiyo ya ndani hukadiriwa kufika milioni moja. Kazi ya kule chini ilikuwa ngumu kupita walikotoka, na aliyepelekwa kwa kawaida hakuonana tena na watu wake. Kutishiwa kuuzwa "down the river" kilikuwa kitisho cha mwisho ambacho bwana angeweza kumtamkia mtu.

Kwa hiyo "kumsaliti mtu" ni tafsiri sahihi, lakini nyepesi. Mimi sitaki ifundishwe bila mto. Nimesikia watangazaji wa mpira wakiisema juu ya kocha aliyefukuzwa, na kila mara nawaza yule aliyesimama gati hapo kwenu akitazama maji yanakoelekea.

Mgeni wa Kentucky

Katikati ya mji kuna kibao cha historia kinachoeleza biashara ya watumwa. Nimekipita miaka mitatu bila kukisoma. Kesho nitasimama.

Kisimani

Mwalimu, kabla hujafunga. Sisi wengine tutajuaje hadithi ipi ya kweli bila kukusumbua?

Mleta uzi

Hunisumbui mkuu. Kuna kamusi kubwa ya Oxford ambayo kila neno linawekewa tarehe ya kuandikwa mara ya kwanza, na yapo magazeti ya zamani ya Marekani ambayo Maktaba ya Bunge lao imeyaweka kwenye intaneti bure, unatafuta neno na gazeti linafunguka. Nikuonyeshe kwa "the whole nine yards", yaani kitu chote bila kubakiza.

Wamarekani wenyewe walikuwa na hadithi nyingi. Iliyopendwa kuliko zote: mkanda wa risasi wa ndege za kivita za Vita Kuu ya Pili ulikuwa na urefu wa yadi 9, na rubani aliyezimaliza zote kwa adui alisema amempa "the whole nine yards". Wengine wakasema ni kitambaa cha suti, wengine zege la gari moja. Kisha watafiti wakaanza kupekua magazeti yaliyowekwa kwenye kompyuta. Wakaikuta kwenye gazeti dogo la mji wa Mitchell, Indiana, mwaka 1907. Hakukuwa na ndege ya kivita. Halafu kwenye gazeti la Mount Vernon, Kentucky, mwaka 1912, wakakuta "the whole six yards".

Sita, mkuu. Maana ileile, yadi sita. Hapo ndipo mkanda wa risasi, suti na zege vyote vinaanguka kwa pamoja, kwa sababu kama kulikuwa na kitu halisi chenye yadi tisa, sita zimetoka wapi? Namba ilikuwa ya kukolezea tu, ikapanda kutoka sita hadi tisa watu walivyozidi kuisema.

Anayeulizia "kick the bucket" na "bite the bullet", nimewaona. Nina kipindi saa nane, nikitoka naanza na ya risasi: kuna kamusi ya lugha ya mitaani ya Francis Grose, toleo la 1796, inayoeleza askari waliokuwa wanatafuna risasi wakichapwa viboko ili wasilie mbele ya wenzao.